Wadudu wa ziwani na mikwaruzo ya boneti

ASUBUHI moja huko Kigongo, kijana wa miaka 13 aliamka mapema, akachota ndoo ya maji na kuanza kuosha gari analoendesha baba yake. Usiku uliotangulia baba alikuwa ametoka Sengerema kupitia Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa Juni 19, 2025. Lilikuwa giza la mwezi mwandamo, na wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanajua maana yake: wadudu wadogo huinuka juu ya maji kama moshi na kufuata taa.

Wadudu hao hawang'ati. Mabuu yao hukulia kwenye tope chini ya ziwa, na wakishaota mabawa huishi siku chache tu. Lakini gari likipita katikati ya kundi lao, hupondeka kwenye boneti, bampa na kioo. Jua likiwapiga, majimaji yao hukauka na kung'ang'ania kama gundi.

Kijana alisugua kwa kitambaa, hawakutoka. Akaingia jikoni, akachukua stiliwaya ya kusugulia masufuria. Wadudu wakatoka, lakini boneti nyeusi ikabaki na mikwaruzo ya mviringo.

Gari si la baba. Ni la tajiri, anayepelekewa hesabu kila jioni. Kwa kosa kama hilo dereva anaweza kunyang'anywa funguo.

Baba alipotoka nje, mkono ulikuwa umeshainuka.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, baba. Nilitaka ulikute safi uwahi abiria."

Mkono ukashuka. Baba alikaa kimya kwa muda, kisha akakumbuka kwamba hakuwahi kumfundisha mtoto huyo kuosha gari. Alikuwa akimwambia tu, "Osha."

Siku hiyo akamfundisha. Gari likae kivulini, boneti ipoe. Taulo laini liloweshwe maji yenye shampuu ya gari, lilazwe juu ya wadudu kwa dakika 10 hivi, mpaka walainike. Kisha wapanguswe taratibu, na taulo lisuuzwe mara kwa mara. Wakibaki, waloweshwe tena, nguvu haitakiwi. Stiliwaya, kisu na sabuni ya unga vikae mbali na rangi. Mwisho ipakwe nta ya gari, ili safari nyingine wasishike sana. Na kazi hii ifanywe mapema, kwa sababu wakikaa juani siku kadhaa huacha alama kwenye rangi.

Jioni baba alipeleka hesabu na kusema, "Tajiri, boneti imekwaruzwa nyumbani kwangu. Nitagharamia fundi." Hakumtaja mtoto. Tajiri alinung'unika, akakubali fedha hizo zikatwe kidogo kidogo. Mwezi huo nyumbani nyama haikuonekana, na kijana alijua sababu bila kuambiwa.

Wazazi wengi huwapa watoto kazi bila kuwaonyesha namna ya kuifanya, kisha huwaadhibu kwa kutojua. Mtoto aliyepigwa kwa kujitolea, kesho hatajitolea tena.

Giza la mwezi uliofuata wadudu walirudi. Alfajiri baba alimkuta kijana ameketi kwenye kigoda kando ya gari, taulo lililoloa likiwa juu ya boneti.

"Unafanya nini?"

"Nasubiri walainike, baba."

Baba akavuta kigoda kingine, wakasubiri pamoja.