Heshima ya Mkono

Mkono hujua heshima ya mkono. Thomas Bewick, aliyezaliwa shambani Northumberland, Uingereza, mwaka 1753, aliishi kwa kuchonga picha juu ya ubao mgumu. Alipochimba kwa patasi palitoa weupe. Alipoacha palishika wino. Vitabu vyake viwili vya ndege vilitoka mwaka 1797 na 1804. Katika nafasi zilizobaki mwisho wa habari alitia wakulima, wavuvi na maskini wa njiani. Duniani pia watu hao hupewa mabaki ya nafasi. Lakini picha kubwa ya mwisho alimpa farasi mkongwe, aliyechakazwa na kazi, amesimama akingoja mauti. Bewick alifariki mwaka 1828 kabla ya kuimaliza. Waliompanda farasi yule walimsahau. Aliyeishi kwa jasho la mikono alimkumbuka.