Area D, kwa fundi wa ndege za ghorofa

Ukifika Dodoma usiishie kwenye zabibu na nyama choma. Safari yenyewe siku hizi haina jasho. Tangu treni ya umeme ianze kufika huko mwaka 2024, unasinzia kidogo tu, ukiamka uko makao makuu. Mimi nilipitiliza na bajaji hadi Area D, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Pale ndege ikiruka maongezi yanasimama, ikishapita mtu anaendelea alipoishia.

Huko nikakuta mambo. Kuna jamaa mmoja fundi simu, akifunga kazi jioni anahamia kwenye ndege. Ndege za plastiki bwana, zile za Airfix za kuunga kwa gundi, anazotumiwa na dada yake aliyeko Uingereza. Mezani alikuwa na Tiger Moth, yenye bawa moja juu na jingine chini. Yeye anaiita "ndege ya ghorofa". Ikishaungwa itafika sentimita 15 hivi, urefu wa kalamu.

Sasa utadhani kazi ni kugandisha mabawa. Thubutu! Wiki ya tatu hiyo, mabawa bado yamo ndani ya boksi. Anahangaika na kokpiti, pale anapokaa rubani. Tiger Moth ina nafasi mbili zilizo wazi, mwalimu mbele, mwanafunzi nyuma, na kila mmoja ana fimbo yake ya kuongozea. Kwa hiyo kila kitu mara mbili. Mikanda ya viti anaikata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kisha anaipaka rangi ya turubai. Nyaya anazitoa kwenye chaja mbovu, uzi mmoja mmoja wa shaba. Saa za mwendo na za kimo ni kama punje za ulezi. Kila moja anaidondoshea tone la vanishi kwa ncha ya sindano ili ing'ae kama kioo. Ukipiga chafya, jioni nzima imekwenda na maji. Na yote hayo yaishe kabla hajaunganisha pande mbili za kiwiliwili, maana zikishashikana kidole hakipiti tena.

"Nani ataona huko ndani?" nikamuuliza.

"Hii haina paa kaka. Ukichungulia unaona mpaka sakafu."

Kumbe ndege anayoitaka hasa siyo hii. Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kutoka London hadi Cape Town, na baada ya Nairobi na Moshi ndege ilitua Dodoma, halafu Mbeya. Kipande hicho kilianza na de Havilland Hercules, ghorofa yenye injini tatu. Zilipotoka kiwandani mwaka 1926, marubani wake walikaa bila paa, upepo usoni. Vumbi la Dodoma unalijua? Basi. Mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini, njia ikahamia pwani, Dar na Lindi, na huku bara wakabaki na vumbi lao. Jamaa anataka kuichonga Hercules hiyo mwenyewe kwa plastiki chakavu. Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza 1931, ndiyo shule yake ya kokpiti.

Kasheshe ni posa. Mteja mmoja kamwahidi hela nzuri kwa hiyo Tiger Moth, aiweke ofisini, ila anaitaka mwisho wa mwezi. Mjomba wake naye keshasema, Ugogoni mahari ni ng'ombe, siyo plastiki. Binti mwenyewe nilimkuta hapo hapo, kashika tochi ya simu anammulikia, uso kaukunja.

"Shemeji, mwambie amalize auze," akaniambia.

Mimi naona ana haki. Lakini niliangalia kile kiti cha mbele na mkanda wake, nikakosa la kusema.

"Cha nyuma bado," jamaa akasema bila kuinua kichwa. "Sogeza mwanga."

Binti akasonya, akasogeza.