Milimita Moja

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nina umri wa miaka 36. Nina cheti cha elimu ya watu wazima, na kazi yangu ni kuyatembelea madarasa ya kisomo vijijini. Madarasa yangu ni matano, katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Leo sitakueleza habari za kilimo wala za afya. Nitakueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, mimi mwenye cheti.

Kijiji changu cha mbali kiko kilomita 28 kutoka nyumbani. Zamani nilikwenda kwa baiskeli. Vitabu, chaki na madaftari nilivifunga nyuma kwa mpira. Masika ilipofika, vitabu vililowa. Mara mbili nilifika darasani na vitabu vilivyogandamana kama mkate. Basi nikakata shauri. Nitaunda pikipiki yenye sanduku la vitabu.

Nilipata Honda ya zamani kwa mzee mmoja mstaafu. Injini ilikuwa nzima. Fremu ilikuwa nzima. Kadi ya usajili ilikuwapo, na namba za injini na fremu zililingana na zile za kwenye kadi. Lakini pikipiki hiyo iliwahi kugonga mti. Shokapu zake za mbele zilipinda kama upinde, naye mzee alizitupa. Seremala alinitengenezea sanduku la mbao lenye kifuniko cha bati. Nikabakiwa na kazi moja: kutafuta shokapu za mbele.

SHOKAPU NI KITU GANI?

Itazame pikipiki kwa mbele. Utaona nguzo mbili za chuma, moja kulia na moja kushoto. Zimelishika gurudumu katikati, kama uma wenye meno mawili. Kila nguzo ina mabomba mawili. Bomba la ndani ni la chuma kinachong'aa. Bomba la nje ni nene zaidi, nalo liko chini. Bomba la ndani huingia na kutoka katika lile la nje, kama pampu ya baiskeli.

Ndani mna springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili huizuia springi isirukeruke. Juu ya bomba la nje kuna sili, yaani pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Shokapu za namna hii si jambo geni. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza pikipiki zenye shokapu za mbele za oili mwaka 1935.

Mabomba ya ndani hubanwa na vishikio viwili vya chuma, kimoja juu na kimoja chini. Vishikio hivyo vina matundu. Bomba lazima lienee barabara katika tundu lake. Likiwa nene, haliingii. Likiwa jembamba, halikazi. Shika jambo hili, maana ndilo lililoniangusha.

NILINUNUA KWA MACHO

Pikipiki nyingi za vijijini siku hizi hutoka India na China. Spea zake hupatikana hata madukani karibu nasi. Spea za Honda ya zamani si rahisi kuzipata. Kwa hiyo nilipanda basi kwenda Morogoro mjini kutafuta shokapu zilizokwisha kutumika.

Muuzaji mmoja alinitolea jozi moja. Zilikuwa zimefutwa mafuta, zinang'aa kama kioo.

"Hizi zitaingia katika Honda yangu?" nikamwuliza.

"Honda ni Honda, bosi," akanijibu.

Nilizitazama, nikaridhika. Sikupima. Sikuuliza zilitoka kwenye pikipiki gani. Sikudai risiti. Nilitoa shilingi 70,000, nikarudi nyumbani kwa furaha.

Fundi alipozifunga, mabomba yalicheza kidogo ndani ya vishikio. Akakata bati la kopo, akalizungushia kila bomba, kisha akakaza. "Imekubali," akasema. Nami nikakubali. Nilitaka Jumatatu wanakisomo wanione na sanduku langu.

Jumatatu walikuja kunitazama. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja fundi wa baiskeli. Alijua kusoma mwaka mmoja tu uliopita, katika darasa letu. Aliinama, akaitazama pikipiki kwa muda mrefu.

"Mwalimu, umepima?" akaniuliza.

"Mzee wangu, imekaza. Jaribu kuitikisa," nikamjibu.

Aliwatazama watu waliotuzunguka. Kisha akasema polepole, "Haya, mwalimu."

KILICHOTOKEA MTEREMKONI

Jumatano nilimpakia mama mmoja wa darasa langu, aliyekuwa akirudi kutoka sokoni. Ndiye mwanakisomo mwenye umri mkubwa kuliko wote. Wiki hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameandika jina lake bila kutazama ubao. Sote wawili tulivaa kofia ngumu.

Tulifika kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Nikashika breki. Uzito wote ukaja mbele. Bomba la kushoto likateleza ndani ya vishikio, likapanda juu. La kulia likabaki mahali pake. Gurudumu likapinda, tukaanguka.

Mimi nilichubuka goti. Mama alijikinga kwa mkono wa kulia. Mkono ukavunjika karibu na kifundo. Hospitalini walimfunga plasta, akaambiwa akae nayo wiki sita.

Nililipia matibabu. Nilipeleka unga na mafuta nyumbani kwake. Hakunilaumu hata mara moja. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, sasa jina langu nitaliandika kwa mkono gani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo swali hilo halijanitoka.

MZEE NA KIPANDE CHA KIOO

Nilikwenda kwa yule mzee fundi wa baiskeli. Nilimwambia, "Mzee wangu, uliona, lakini hukuniambia."

Akanijibu, "Niliona, mwalimu. Lakini wewe una cheti. Mimi kusoma nimejua juzi. Ningekusahihishaje mbele ya watu?"

Maneno yale yaliniuma kuliko goti. Nilikuwa nimewafundisha watu kusoma. Sikuwa nimewafundisha kwamba wanaweza kunisahihisha.

Tulizifungua shokapu. Mzee aliazima kipimo cha chuma chenye meno mawili ya kubana kitu. Alilibana bomba, akasoma: milimita 30. Akapima tundu la kishikio: milimita 31. Nilikuwa nimeangushwa na milimita moja.

Ndugu msomaji, chukua rula yako. Tazama vile vistari vidogo kabisa. Kutoka kistari kimoja mpaka kingine ni milimita moja. Milimita 10 ni sentimita moja. Milimita moja ni ndogo sana, lakini chuma hakisamehe hata hiyo.

Kisha mzee akaleta kipande cha kioo cha dirisha, akakilaza juu ya meza. Akalilaza bomba juu ya kioo, akalibingirisha polepole. Bomba lililonyooka hugusa kioo mahali pote. La kwangu lilicheza, na mwanga ukapita chini yake. Lilikuwa limepinda, kisha likanyoshwa kwa nyundo na kung'arishwa. Bila shaka lilitoka kwenye pikipiki iliyopata ajali. Zile shilingi 70,000 zikawa zimepotea. Rahisi ghali.

Mzee akafungua daftari lake. Humo ameandika vipimo vya kila baiskeli anayoitengeneza. Akaniambia, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe ndiwe uliyetufundisha kuisoma methali hii." Kisha akanipa kalamu. Tukaandika hivi:

1. Unene wa bomba la ndani: milimita 31, kulia na kushoto.
2. Urefu wa mabomba: lazima yalingane.
3. Unene wa ekseli ya gurudumu: milimita 12.
4. Nafasi kati ya shokapu mbili: gurudumu letu lienee.
5. Kizuizi cha breki kwenye bomba la nje: kiingie katika breki yetu. Kisipoingia, breki yote huweza kuzunguka pamoja na gurudumu.

SAFARI YA GEREZANI

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja Dar es Salaam, mpaka Gerezani, karibu na Kariakoo. Huko kuna mafundi na wauzaji wengi wa spea. Tulibeba daftari, kile kipimo, kishikio kimoja cha pikipiki yetu, na kipande cha kioo kilichofungwa katika kanga.

Muuzaji wa kwanza alitucheka. "Wazee, mmekuja kununua shokapu au madirisha?" Tulipima zake. Milimita 33. Tukamshukuru, tukaondoka.

Kwa wa pili, unene ulikuwa 31. Mzee akapitisha ukucha juu ya chuma, kutoka juu mpaka chini. Ukucha ukakwama. Palikuwa na vishimo vya kutu. Vishimo hivyo hukata sili. Sili ikikatika, oili huvuja, na oili ikiingia kwenye breki, breki haishiki. Tukaziacha.

Kwa wa tatu, unene ulikuwa 31 na chuma kilikuwa laini. Lakini juu ya kioo, mwanga ulipita. Tukaziacha.

Jua lilikuwa limeshapinda, na mimi nilichoka. Nilisema, "Mzee, zile za pili si mbaya sana." Hakunijibu. Alinionyesha tu mkono wake wa kulia, akaushika karibu na kifundo. Nikanyamaza. Tukaendelea kutafuta.

Muuzaji wa tano alikuwa nazo. Alituonyesha pikipiki yenyewe. Injini yake ilikuwa imekufa, lakini fremu ilikuwa imenyooka. Unene 31. Ukucha haukukwama. Mwanga haukupita. Hapakuwa na ufa wala alama ya kuchomelea. Ekseli na kizuizi cha breki vililingana na daftari letu. Alitaka shilingi 130,000, tukaelewana 110,000. Safari hii nilidai risiti yenye tarehe, jina lake na namba ya simu. Shokapu kwa kawaida hazina namba kwenye kadi ya usajili. Ukiulizwa ulizipata wapi, risiti ndiye shahidi wako.

Sili tulinunua mpya. Sili ya mpira iliyotumika isikupendeze hata ukipewa bure. Oili tuliipima kwa kikombe, kiasi kilekile kila upande. Mabomba yakaingia katika vishikio bila bati la kopo. Kwanza nilijaribu peke yangu, bila mzigo, mahali tambarare. Kisha nikapakia sanduku.

MAMA AMERUDI

Wiki sita zilipita. Mama alirudi darasani. Siku ya kwanza herufi zake zilitetemeka. Siku ya nne aliandika jina lake lote, akalipigia mstari chini.

Siku hiyo nilimwuliza kwa woga kama angekubali nimfikishe nyumbani. Aliitazama pikipiki. Kisha akasema, "Lete hilo daftari lenu."

Nikalitoa katika sanduku. Akaweka kidole juu ya mstari, akasoma kwa sauti, neno moja moja: "Unene wa bomba la ndani, milimita thelathini na moja, kulia na kushoto." Akamgeukia mzee fundi. "Umepima wewe?" Mzee akaitikia kwa kichwa.

Ndipo mama akavaa kofia ngumu, akapanda.

MASWALI

1. Kwa nini mabomba ya kwanza yaliteleza katika vishikio?
2. Kwa nini mzee fundi wa baiskeli alinyamaza siku ya Jumatatu? Je, wewe ungefanya nini?
3. Taja mambo manne ya kukagua kabla ya kununua shokapu zilizotumika.
4. Chukua rula. Pima unene wa kalamu yako kwa milimita, uandike katika daftari.
5. Jadilianeni darasani: ni kitu gani kingine mnachokinunua kwa macho, ambacho kingefaa kupimwa?