Zamu ya Ngazi, Zamu ya Uani

Ukipanga nyumba Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, mkataba utakueleza kodi, amana na tarehe ya kulipa. Kurasa kadhaa mbele utakutana na jambo ambalo mtu wa Manzese au Magomeni, Dar es Salaam, hahitaji kufafanuliwa: zamu ya usafi. Wenyeji huiita Kehrwoche, wiki ya kufagia. Zamu yako ikifika, unakuta kibao kidogo kimening'inizwa mlangoni kwako. Hakuna aliyebisha hodi. Jirani kamaliza wiki yake, kakuachia kibao, kashuka zake.

Ndugu zetu nyumbani hudhani huku kila kazi ya nyumba ina mashine yake. Kufua na kuosha vyombo, sawa, mashine zipo. Lakini ngazi za jengo letu zinafagiwa kwa mkono, na mkono wenyewe ni wangu au wa baba watoto.

Zamu zenyewe ni za aina mbili. Ile ndogo ni ya ghorofa yako: unafagia ngazi mpaka ghorofa inayofuata, unapiga deki, unafuta vumbi kwenye kishikio na kwenye ukingo wa dirisha. Ile kubwa huzunguka jengo zima, na inahusu mlango mkuu, vyumba vya stoo chini ya ardhi, ua, na njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba. Katika majengo mengi, theluji nayo ni mzigo wa mwenye zamu kubwa. Ikianguka usiku, unaamka kukiwa bado giza, unaikwangua njiani kabla watu hawajaanza kwenda kazini, kisha unamwaga changarawe ili mtu asiteleze. Mpita njia akianguka na kuvunjika mguu, kesi inaweza kukufuata wewe uliyebaki kitandani.

Desturi hii ni ya Waswabia, watu wa eneo hili, na Wajerumani wa mikoa mingine huwatania kwayo. Mizizi yake ni mirefu. Mwaka 1492, enzi za mtawala Eberhard wa Württemberg, kanuni za mji wa Stuttgart ziliwataka wakazi waondoe samadi na taka zao kila wiki ili mji uwe safi. Karne zikapita, samadi ikaisha mjini, ufagio ukabaki. Mwaka 1988 mji uliacha kuwalazimisha wakazi kufagia kila wiki kwa sheria yake, lakini zamu haikufa, kwa sababu imeandikwa kwenye mikataba ya wapangaji. Siku hizi majengo mengi huajiri kampuni za usafi na kuwagawia wapangaji gharama, kama wanavyofanya wakazi wa fleti za Upanga au Mikocheni. Kwetu bado kibao kinazunguka.

Watu wengi hufanya kazi hii Jumamosi, kwa kuwa Jumapili ni siku ya kimya kisheria. Huwashi mashine ya kufyonza vumbi, hutoboi ukuta, hata chupa tupu hupeleki kwenye makontena ya mtaani zisije zikapiga kelele. Kwa sisi tuliokulia Dar es Salaam, ambako Jumapili ndiyo siku ya kufua huku redio ya jirani ikitangaza mpira kwa mtaa mzima, kimya hiki kinahitaji mazoezi.

Sasa twende nyumbani. Nyumba ya Kiswahili unaijua: korido katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na familia yake, na nyuma kuna uani penye jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Zamu huenda kwa chumba. Wiki yako ni yako, kuanzia korido mpaka chooni. Alfajiri ndiyo saa yenyewe. Unanyunyiza maji kidogo vumbi lisiruke, unainama na fagio la chelewa, unarudi nyuma hatua kwa hatua ukiacha mistari kwenye mchanga. Nani hajawahi kusimama kidogo akautazama uwanja aliofagia mwenyewe, akatamani asipite hata kuku?

Raha ya uani haiishii kwenye mchanga. Unadeki huku Mama Asha anamwogesha mtoto, mwingine anachambua mchicha, wa chumba cha mbele anaulizia bei ya nyanya leo. Sabuni ya unga ikikuishia, unamtuma dukani mtoto wa yeyote aliye karibu. Kabla hujamaliza korido umeshajua nani ameamka na homa, nani amekwama kodi, na nani atapokea mgeni kutoka Tanga. Hapa Stuttgart naweza kufagia ngazi kutoka juu mpaka chini nikaambulia salamu moja, ya kweli lakini fupi, kutoka kwa mtu anayewahi treni.

Hata ugomvi una mtindo wake. Kwetu, chumba cha pili wakiruka zamu, hakuna atakayewaendea moja kwa moja. Atasemwa kuku. "Wewe kuku nawe, unakula unajaza uchafu, kufagia hutaki!" Mwenye masikio amesikia, na kama hajasikia kuna kanga itavaliwa jioni. Huku Ujerumani ugomvi huandikwa. Karatasi hubandikwa ukutani karibu na masanduku ya barua, imechapwa vizuri, ina tafadhali na ahsante zake, wala haina jina. Ukiisoma unajiuliza kama ni wewe unayesemwa, na jengo zima linajiuliza vivyo hivyo. Kuku wetu, kwa kweli, anafikisha ujumbe haraka zaidi.

Lakini kuna jambo moja ambalo kibao cha Waswabia kinatushinda, na ndilo lililonifanya niandike. Kibao kinatundikwa mlangoni, hakiulizi nani yuko ndani. Ghorofa ya chini anaishi mzee mstaafu, mjane; zamu yake ikifika anafunga aproni na kufuta kila ngazi, na hakuna anayemwonea huruma. Juu yake kuna vijana wa chuo kikuu, nao wanafagia, ingawa pembe za ngazi huzisahau. Kwetu sisi, wiki moja ni yangu, nyingine ni ya baba watoto. Mwanzoni alikuwa akisubiri korido itulie ndipo atoke na ndoo. Siku hizi anapiga deki huku akiongea na simu, na mtoto wetu mdogo anamfuata na ufagio wake, kisha analilia apewe yeye kazi ya kwenda kutundika kibao kwa jirani.

Nyumbani tunasema zamu ni ya chumba, lakini ukweli tunaujua. Zamu ni ya mwanamke wa chumba: mke, binti, au dada wa kazi. Kapera akihamia, anaambiwa, "Kaka, wewe toa hela ya sabuni tu," na wiki yake wanagawana akina mama. Mwanamume akishika fagio la chelewa uani, watu watauliza mkewe anaumwa nini.

Cha ajabu ni kwamba wanaume wetu kufagia wanajua. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuamuru siku hiyo iwe ya usafi, wanaume walijaa barabarani na majembe, reki na mafagio, rais mwenyewe akiwa miongoni mwao. Baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatengwa kwa usafi wa mazingira nchi nzima. Majirani zetu wa Rwanda wana Umuganda wao, kazi ya pamoja ya jamii, siku hiyo hiyo ya mwezi. Kwa hiyo mtu anafagia mtaro wa serikali mchana kweupe, tena anapigwa picha, halafu anarudi nyumbani akiruka maji ya deki ambayo mkewe ameyamwaga koridoni.

Nisije nikaonekana nimeshahama moyo, nyumbani kuna jambo ambalo kibao hakiliwezi. Mama akijifungua, zamu yake inayeyuka. Hakuna anayetangaza, hakuna anayeomba. Wenzake wanafagia sehemu yake mpaka arobaini ipite, na uji anapelekewa. Hapa, ukiwa unaumwa au unasafiri, unatakiwa utafute mtu wa kubadilishana naye mapema. Majirani hukubali kwa moyo mweupe, lakini lazima uombe. Kwa mzazi mgeni, asiye na mama wala shangazi karibu, na Kijerumani chake bado kinachechemea, kuomba ndiyo kazi nzito kuliko ndoo.

Hata hivyo, Jumamosi yenye zamu naipenda. Madirisha ya ngazi yakifunguliwa, baridi inaingia na kutoka na harufu ya vyakula vya wiki nzima. Ngazi zinakauka polepole, zinanukia sabuni ya limau. Nikimaliza nachemsha chai ya tangawizi, nakaanga mandazi, na sahani moja inateremka kwa yule mzee wa chini. Tangu sahani ianze kushuka, maongezi yetu yamerefuka. Siku hizi ananieleza jinsi mama yake alivyokuwa akikagua ngazi kwa kidole.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeko ughaibuni na kibao mkononi, usikitundike ukakimbia. Bisha hodi, salimia, jitambulishe. Na wewe uliyeko nyumbani, wapangaji wakikaa kupanga zamu, pendekezeni iandikwe kwa majina ya watu wazima wote wa kila chumba, kapera na baba mwenye familia wakiwemo. Mwenye kulala humo na kupita korido hiyo ana mikono ya kuifagia.