Mvita kwa Miguu

Treni ya SGR iliniteremsha Miritini, nikapanda matatu ya mjini, begi magotini. Gari nililiacha Nairobi kwa makusudi. Mombasa, yaani Mvita, ni kisiwa cha watu wa baraza, na ukikipita vioo vya gari vimepandishwa utaambulia kuona kuta tu. Salamu zake huzipati.

Kesho yake nilidamkia Mji wa Kale kabla jua halijawa kali. Nilifungua kinywa kwa mahamri na mbaazi za nazi, kisha nikaishika Ndia Kuu. Ndia ndiyo njia kwa Kimvita, na ukuu wake haukupimwa kwa magari: likiingia moja, wapita njia hujibanza ukutani. Nilisimama mbele ya mlango mmoja wa nakshi hadi mwenye duka la jirani akanisogezea kigoda. Fremu imechongwa maua yaliyoshikana kama mnyororo kutoka chini hadi juu. Lakini usawa wa kifua, pale mikono ilipozoea kusukuma, maua yamelainika yakakaribia kufutika. Nilipitisha kidole hapo. Sijui ni vizazi vingapi vilivyorudi nyumbani kupitia mlango ule, ila mti umewakumbuka wote.

Mbele kidogo uko Msikiti wa Mandhry, wa karne ya 16, na mnara wake mweupe mnene chini, mwembamba juu. Ukigeuka kuelekea kusini, njia inakufikisha Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa 1698. Wengi hupiga picha za mizinga wakaondoka. Mimi nasema ingieni makumbusho mtazame vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, jahazi la kivita la Wareno lililozama hapo chini mwaka 1697 lilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Kisha pandeni ukutani mwangalie maji yenyewe. Yametulia, ya kijani kibichi, na wavulana wanajirusha humo.

Mchana jua likiuma, Biashara Street ina vivuli vya maduka ya leso. Hapa leso hununuliwa kwa kusomwa. Niliwaona mama wawili wakikunjua doti baada ya doti, wakisoma jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye leso, kwa sauti ya chini, wakicheka, wakairudisha, wakaomba nyingine. Muuzaji hakuchoka, kwani anajua leso isiyo na jina la kumfaa mtu haiendi popote.

Alasiri nilikwenda Likoni. Feri haimtozi mtembea kwa miguu hata senti. Wenye magari ndio walipao na kungoja foleni. Tulishuka mteremko sote pamoja, wanafunzi, wachuuzi na vikapu vyao, mzee na baiskeli yake. Katikati ya mlango wa bahari feri yetu ilipunguza mwendo kuipisha meli ya makontena iendayo Kilindini. Ilipita karibu mno, ndefu kama mtaa mzima, na kwa dakika ile kelele zote zikakoma, watu wote shingo juu.

Niliporudi kisiwani nilitembea hadi bustani ya Mama Ngina, nikala mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili chini ya mibuyu, upepo wa kusi ukinikausha jasho. Miguu iliniuma, lakini sikutamani kiti cha gari hata mara moja.

Usiku, Mji wa Kale tena. Muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake mkononi, mlio unaousikia kabla hujamwona.

“Karibu mwanangu, keti kitako.”

“Ahsante, mzee wangu.”

Akaliinua dele kutoka kwenye makaa, akanimiminia kahawa tungu ya tangawizi, akanikatia kashata. Watu wa barazani wakasogea wakanipa nafasi, na mazungumzo yakaendelea pale yalipokuwa.