Sikio na Kalamu

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilidhani kuwa shairi hupimwa kwa kalamu. Siku moja mwanafunzi wangu, mzaliwa wa Chuka, aliniletea shairi la mizani 16 katika kila mshororo, yaani 8 kwa kila kipande. Kipande kimoja kilisema, “Mtu mwema hana hofu.” Nikahesabu irabu, nikapata 7, nikakipiga wino mwekundu.

Kijana hakubishana nami. Aliomba ruhusa, akaleta ngoma ya kwao, ile ndefu ambayo wapigaji wa Chuka huibana mapajani. Akaghani shairi lake, akigonga pigo moja kwa kila silabi, na darasa zima likahesabu. Yakatimia mapigo 8. Ile m ya mwanzo, isiyo na irabu, ilikuwa na pigo lake.

Nilitahayari, maana sisi Wameru husema muntu, na jirani zetu wa Embu husema mundu. Kiswahili kimeiacha irabu ile, lakini hakikuliacha pigo lake. Katika neno mbuzi mambo ni mengine: m huambatana na b, na mapigo ni 2 tu. Jicho halioni tofauti hiyo, sikio huisikia.

Nilifuta alama yangu mbele ya wote. Tangu siku ile kila shairi darasani mwangu hughaniwa kwanza, ndipo lisahihishwe. Ewe msomaji, kabla ya kumhukumu mwenzio, msikilize. Huenda kosa limo katika kusoma kwako.