Kampasi yangu ni chumba cha uani

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana. Wenzangu huwa wanaandika habari za hosteli, foleni ya kantini na rumeti anayekopa sabuni harudishi. Mimi sina rumeti. Kampasi yangu ni chumba cha uani nyumbani kwa mzee, Nyabibuye, huku mpakani na Burundi (zamani tulihesabiwa Kibondo, tangu 2012 tuko wilaya ya Kakonko). Nasomea ualimu Chuo Kikuu Huria, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu apate digrii bila kuacha kazi, familia wala shamba. Sababu nzuri hizo zote. Mzee wangu alikipendea jambo moja tu: binti hatoki nyumbani.

Nina miaka 22. Jua likizama niwe ndani. Simu yangu ikiita wakati wa kula, watu watatu wanauliza kwa pamoja "nani huyo?" Mtandao hapa kwetu ni wa kukata-kata, kwa hiyo kushusha madesa inabidi nipande kilimani karibu na barabara, na kila nikipanda napewa mlinzi: mdogo wangu wa darasa la tatu. Siku moja nilikutana huko na jamaa niliyemaliza naye kidato cha sita, tukapiga stori kama robo saa. Nikamhonga dogo andazi asiseme. Akala andazi, akafika nyumbani akasema vilevile. We acha tu.

Kwenye saikolojia ya elimu tumemsoma mama mmoja wa Marekani, Diana Baumrind, ambaye miaka ya 1960 aliwagawa wazazi makundi matatu: wanaotoa amri bila maelezo, wanaoachia kila kitu, na wanaoweka mipaka huku wanaeleza na kusikiliza. Nikaandika "baba" kwenye kundi la kwanza bila hata kufikiri. Halafu nikakumbuka nimeandika juu ya meza aliyonitengenezea kwa mikono yake, na ada ya muhula ule ilitokana na maharage yaliyokuwa ya kula sisi. Nikafuta. Nikaweka alama ya kuuliza kwa penseli.

Sasa njooni kwenye mitihani. Nilifanyia Kigoma mjini, safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia Kibondo na Kasulu, na nilishajipanga kwenda peke yangu. Alfajiri natoka na begi, namkuta mzee kakaa juu ya ndoo mlangoni, kavaa koti lake la kanisani. "Twende." Basi. Mama akajifanya anachochea moto.

Siku zote za mitihani alikaa chini ya mwembe nje, na redio yake ndogo, na chupa ya maji. Nikitoka tu ananyanyuka. Pale wengi ni watu wazima, wengine wana wajukuu. Siku ya pili dada mmoja mwenye watoto watatu akaniuliza, "Hivi yule mzee wa redio anamsubiri nani?"

Nikasema simjui.

Alikuwa hatua kama kumi kutoka pale tuliposimama. Sijui kama alisikia. Jioni alininunulia migebuka ya kukaanga, akaniachia wa kwake nusu, akauliza maswali yalikuwaje.

Wakati wa kurudi, tulipopita Makere, akaanza kuongea bila kunitazama. Historia ya njia ile huku kwetu kila mtu anaijua: vita vya Burundi vilivyoanza 1993 vilileta wakimbizi wengi mno, na silaha nazo zikavuka, majambazi wakajaa porini mpaka mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki. Ila haya ya kwake sikuwahi kuyasikia. Mwaka 1999 basi lao lilisimamishwa kipande kile. Abiria wakalazwa kifudifudi kwenye tope. Mama alikuwa na dada yangu mgongoni, bado mchanga, wakamvua mbeleko kutafuta hela. Mtoto analia. "Na mimi nimelala pale," akasema. "Sikunyanyua hata kichwa." Akanyamaza mpaka Kibondo.

Mimi njia ile naijua kwa wauza ndizi wanaogonga dirishani. Nilitaka nimwambie kile nilichomjibu yule dada. Sikusema, na mpaka leo sijasema.

Lakini nimebadili mbinu. Zamani nilikuwa nanuna, au nadanganya, na uongo mmoja ukigundulika sheria zinaongezeka mbili. Siku hizi nasema kabla sijaulizwa. Ratiba nimeibandika mlangoni, nikienda kilimani nasema naongea na nani na kuhusu nini, hata kama ni umbea mtupu. Mambo mazito namwanzia bi mkubwa, jioni jikoni, maana yeye anajua saa ya kumwingia mzee (ni baada ya kula, kabla ya taarifa ya habari). Si kwamba kila kitu kimekubaliwa. Harusi ya rafiki yangu Kakonko mjini nilikataliwa, nikalia. Ila sasa mwisho wa kurudi ni saa mbili usiku, na dogo kastaafu ulinzi. Analalamika, kumbe andazi zilikuwa mshahara.

Kubwa ni mazoezi ya kufundisha. Nimeomba Kasulu, si shule ya hapa jirani kama mzee alivyotaka. Nilimweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu, miguu inatetemeka. Hakusema ndiyo wala hapana. Akauliza chumba nitapanga wapi. Akauliza mwenye nyumba ana mke? Choo kiko ndani au nje? Akaenda kulala.

Wiki iliyopita alikwenda gulioni akarudi na kufuli, lile kubwa la shaba, na funguo tatu. Mbili kanikabidhi, akanifundisha kufunga na kufungua kama vile sijawahi kuona kufuli. Ya tatu kaitia kwenye mfuko wa koti la kanisani.